Kamachumu: Maji yanashuka bure, yanapanda kwa bei

*Kwenye uwanda wa juu wa Muleba, bonde moja linaweza kutoa umeme na maji ya kunywa. Tatizo ni kwamba hesabu zake zimeandikwa kwenye madaftari mawili yasiyosomana.*

KABLA jua halijatoka, njia ya kwenda chemchemini inakuwa na watu. Wanashuka wepesi, dumu la njano likining'inia mkononi, na maneno mengi. Wanapopanda hawasemi. Dumu la lita 20 limekaa kichwani juu ya kata, shingo imenyooka, na macho yanatazama pale mguu unapokanyaga, kwa sababu udongo una umande na kilima hakina huruma.

Hivyo ndivyo Kamachumu ilivyoumbwa. Migongo ya mawe ya mchanga imelala kutoka kaskazini kwenda kusini, na juu yake kuna vibanja vya migomba na kahawa, kisha rweya, nyasi tupu hadi kwenye ukingo wa genge. Mvua ikinyesha juu, mawe yanainywa. Maji yanajipenyeza hadi chini, yanatokea kwenye kitako cha genge yakiwa baridi na maangavu. Wazee walijenga juu kwa sababu za maana: migomba, hewa, usalama. Maji yakabaki chini.

Nichukue dumu moja tu. Kuinua kilo 20 za maji kwa kimo cha mita 100 kunahitaji nishati ndogo mno, chini ya wati 6 kwa saa moja. Taa ya kisasa ya chumbani inakula kiasi hicho ndani ya saa moja hivi. Lakini kwa mama aliyebeba dumu hilo ni sehemu kubwa ya asubuhi, na mgongo ambao haurudishwi.

Na bonde hilo hilo analopanda lina maji yanayoporomoka usiku na mchana, yakimwaga nguvu kwenye mawe.

Kilowati 55 za mwaka wa Uhuru

Kamachumu hawahitaji kufundishwa kwamba maji ni umeme. Mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipandisha bendera yake, Hospitali ya Ndolage, hapa hapa Kamachumu, ilifungiwa mtambo wa kufua umeme kwa nguvu ya maji wenye uwezo wa kilowati 55. Hospitali hiyo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Wakati huo hapakuwa na nguzo wala waya wa kuifikia. Mwenye kutaka taa kwenye chumba cha upasuaji alikuwa na njia mbili: kununua dizeli iliyosafiri mbali sana, au kutazama bondeni.

Ndolage haikuwa peke yake. Peramiho kule Songea ilifunga mtambo wake mwaka uliofuata, na Kaengesa, Sumbawanga, mwaka 1967. Mingi ya mitambo midogo ya enzi hiyo iliwekwa na misheni, na sababu yake ilikuwa moja: hospitali haiwezi kungoja. Baadaye walikuja wengine wenye ndoto kubwa zaidi. Masista wa Chipole, Songea, walijenga mtambo wa Tulila wenye megawati 5 na kuanza kuliuzia shirika la umeme, TANESCO, mwaka 2015.

Kilowati 55 zinasikika kidogo leo, wakati nchi inazungumzia megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere. Lakini tuzihesabu kwa saa. Mtambo wa namna hiyo ukizunguka kwa nguvu zake zote mchana na usiku unafua uniti 1,320 kwa siku. Hakuna hospitali ya vijijini inayotumia kiasi hicho kwa mkondo ulio sawa. Asubuhi kuna mashine za kuchemshia vifaa vya upasuaji, kuna maabara, kuna kufua mashuka. Saa nane usiku kuna majokofu ya damu na chanjo, mashine za oksijeni, taa za korido. Basi.

Umeme wa maji una tabia ambayo watu wengi hawaijui. Mto haujui kwamba wagonjwa wamelala. Maji yanaendelea kushuka na mtambo unaendelea kuzunguka. Ili mzunguko usipande kupita kiasi na kuunguza vifaa, mitambo midogo mingi hufungwa kidhibiti kinachopeleka umeme wa ziada kwenye vyuma vya kuchemshia, ambavyo kazi yake ni kuumaliza tu. Unageuka joto, na joto linapotelea hewani.

> Saa nane za usiku mto haujui kwamba wagonjwa wamelala. Maji yanaendelea kushuka.

Hapo ndipo shauri langu lote lilipo. Umeme huo unaomalizwa kwa kuchemsha hewa ndio uliopaswa kupandisha maji.

Uniti moja, madumu mia

Hesabu za pampu zinawatisha watu bila sababu. Kwa pampu ya kawaida iliyotunzwa vizuri, pamoja na mota yake, nusu hivi ya umeme unaolipiwa ndiyo inayofika kwenye maji. Tuseme asilimia 55. Kwa kiwango hicho, uniti moja ya umeme inainua madumu mia moja ya lita 20 kwa kimo cha mita 100. Namba hiyo inakaa kichwani kwa urahisi: uniti moja, madumu mia, mita mia.

Sasa tuchukue mfano wa ziada ya kilowati 20 kwa muda wa saa nane usiku. Hizo ni uniti 160. Zinapandisha madumu 16,000 kwa mita 100. Kama kijiji kiko mita 300 juu ya chanzo, bado ni madumu zaidi ya 5,000, yote yakiwa ndani ya tenki kabla jogoo hajawika.

Kwa umeme wa TANESCO, ambao kwa agizo la bei la mdhibiti wa nishati na maji, EWURA, la Aprili 2016 uliwekwa shilingi 292 kwa uniti kwa wateja wa kundi la T1, dumu moja linapanda mita 100 kwa shilingi 3 hivi. Kwa jenereta ni jambo jingine. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta ndogo inatoa uniti 3 hivi. Lita ikiwa karibu na shilingi 3,000, kila uniti inagharimu shilingi 1,000 kabla ya kubadili oili na chujio. Dumu lile lile linakuwa shilingi 10.

Kuna watakaouliza: shilingi 10 ni kitu gani? Twende nayo hadi juu. Kimo ni mita 300, si 100: shilingi 30. Halafu bomba linavuja. Nchini mwetu zaidi ya asilimia 30 ya maji yanayozalishwa hayafiki kwenye dira wala kwenye mfuko. Tuweke asilimia 35. Kila dumu linalofika kwa mnunuzi sasa limebeba gharama ya nishati ya shilingi 46. Jumuiya ya watumia maji inayouza dumu kwa shilingi 50 imebakiwa na shilingi 4 za kumlipa mlinzi wa pampu, fundi, dawa ya kutibu maji na akiba ya pampu mpya. Kwa umeme wa gridi gharama hiyo hiyo inakuwa shilingi 14 hivi. Kwa umeme wa ziada wa maji ya bondeni, hakuna mafuta ya kununua kabisa.

Ndiyo maana ninasema uvujaji ni suala la umeme kabla ya kuwa suala la maji. Kila tone linalodondoka kwenye kiungio kibovu huko juu limekwisha kulipiwa nauli.

Miradi iliyokufa kwa kukosa mafuta

Taifa hili lina kumbukumbu chungu katika jambo hili. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Mabomba yakachimbiwa, pampu za dizeli zikafungwa. Kisha zikaja bei za mafuta za miaka ya 1970, na kwa watu wa Kagera ikaja pia vita ya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikaadimika. Dizeli ikakosekana, vipuri vikakosekana, na pampu nyingi zikanyamaza zikiwa bado mpya kwa sura. Miradi ya mserereko, ile ambayo maji yanajishukia yenyewe, ndiyo iliyovumilia. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilirudia mita zile zile 400, na kuongeza kwamba kila kituo kihudumie watu 250.

Kwa Bukoba na Muleba umeme nao ulichelewa na ukaja kwa njia ya nyuma. Kwa miaka mingi waya uliotuwashia taa umetoka Masaka, Uganda, hadi kituo cha Kyaka, ukisimama mbali na gridi ya Taifa. Sasa mto Kagera wenyewe umeanza kufanya kazi: Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na Kikagati kwenye mpaka wa Uganda. Ni hatua kubwa na ninaifurahia. Ila bei ya uniti kwenye LUKU haipungui kwa mwanakijiji wa Kamachumu kwa sababu bwawa liko mkoani mwake. Kinachoweza kumpunguzia ni namna anavyoutumia.

Ugomvi wa banio

Hapa ndipo watu wa pande mbili hukunjiana uso, hasa kyanda, kiangazi cha Juni hadi Septemba, mkondo unapokonda.

Watu wa mtambo wanasema: kila lita inayochotwa juu ya banio letu ni lita isiyofua umeme. Watu wa maji wanasema: binadamu hanywi umeme. Wote wana hoja, na nimeona mikutano ya namna hii, katika mabonde mbalimbali, ikiisha kwa wazee kusuluhisha kwa maneno mazuri yasiyopima kitu.

Hesabu inasuluhisha vizuri zaidi. Tuseme kutoka kwenye banio hadi kwenye nyumba ya mtambo ni kimo cha mita 100. Ukichota lita 1,000 juu ya banio kwa ajili ya kunywa, mtambo unapoteza uniti 0.19 hivi. Ukiziacha zipite mtamboni kisha uzipandishe kwa pampu hadi pale pale zilipokuwa, utakula karibu uniti 0.5. Kumnyima mwanakijiji maji ya juu ili umfulie umeme wa kumpandishia maji ni hasara ya zaidi ya mara mbili na nusu.

> Maji ya kunywa yachotwe juu ya mtambo. Si huruma tu. Ndiyo hesabu iliyo nafuu kwa pande zote mbili.

Sheria nayo iko upande huo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, ndipo wengine wafuate. Kibali cha kutumia maji kwa huku kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria. Lakini watu wa mtambo wasiondoke mikono mitupu. Kaya zikishapata haki ya kuchota juu, nazo zinadaiwa kitu: kuchota polepole saa ishirini na nne kwenda kwenye tenki, si kufungua bomba lote asubuhi wakati hospitali inawasha vichemshio. Tenki kubwa ndilo linalowapatanisha.

Kuna upande wa tatu, ambao hauji kwenye mikutano: wale wa kibanja kilicho chini kabisa, wanaotegemea mto uliobaki. Mtambo unawarudishia maji yote. Bomba la kunywa haliwarudishii. Wasisahauliwe wakati kibali kinapoandikwa.

Betri ya saruji

Siku hizi kila mradi unataka betri. Paneli za jua zimekuwa nafuu, na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai 2019, umekuwa ukifunga pampu za jua kwenye visima na vyanzo vingi. Naunga mkono. Ila kwa Kamachumu, ambako mawingu ya ziwani hukaa nusu siku msimu wa mvua, jua ni msaidizi, si bwana.

Uzuri ni kwamba mvua na jua zinapokezana. Masika na vuli bondeni kuna maji tele na mtambo unashiba. Kyanda mkondo unakonda, lakini anga liko wazi. Aliyepanga pampu moja ya jua kwa mchana na pampu moja ya umeme wa maji kwa usiku, zote zikijaza tenki moja, amepanga kama mkulima anayechanganya migomba na maharage.

Na tenki ndilo betri. Nitalisema wazi kwa sababu nimeona fedha nyingi zikienda kwingine: tenki la mawe na saruji lililojengwa vizuri linaweza kuhudumia vizazi viwili, fundi wa kulikarabati anaishi kijiji hicho hicho, na halihitaji kuagizwa kwa meli. Mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga, KASHWASA, ilielewa hilo kwa kiwango cha mkoa. Katika mradi wake uliozinduliwa mwaka 2009, maji ya Ziwa Viktoria yanasukumwa kutoka Ihelele hadi kwenye tenki la mlima Mabale, na kutoka hapo yanateremka yenyewe kuelekea Shinyanga na Kahama. Panda mara moja, shuka kila mahali.

Ukiwa na tenki unapata pia hiari ya kusukuma taratibu. Maji yakienda kwa kasi mara mbili ndani ya bomba lile lile, msuguano unapanda mara nne hivi. Anayejaza tenki kwa saa kumi anatumia umeme kidogo kuliko anayelijaza kwa saa tano, ingawa maji ni yale yale. Pampu ndogo inayofanya kazi usiku kucha inaishinda kubwa inayonguruma asubuhi.

Kwa taasisi kubwa kuna jambo jingine, nalo limejificha kwenye ankara. Mteja wa TANESCO wa kundi la T2 halipii uniti peke yake. Kwenye bei zile za 2016 kuna shilingi 15,004 kwa kila kilovolti-ampea ya kilele cha juu kabisa alichofikia ndani ya mwezi. Pampu mbili za kVA 50 zikiwashwa pamoja, hata siku moja tu, mteja anaandikiwa shilingi 1,500,400. Zikipokezana, 750,200. Tofauti yake ni kijana mmoja mwenye saa na ratiba iliyobandikwa ukutani.

Mlango mmoja, vyumba viwili

Kama mambo ni rahisi hivi, kwa nini hayafanyiki?

Kwa sababu umeme una wizara yake na maji yana yake. TANESCO inapimwa kwa umeme iliouza. Jumuiya ya watumia maji inapimwa kwa maji yaliyofika kituoni. Hospitali inapimwa kwa wagonjwa waliopona. Hakuna anayepimwa kwa uniti iliyookolewa, na kazi isiyo na mwenyewe hulala njiani.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilikuwa na Wizara ya Maji, Nishati na Madini, ikiongozwa na Al Noor Kassum. Sisemi turudi huko. Wizara moja nayo inaweza kuwa na idara zisizosalimiana. Lakini hata leo mdhibiti ni mmoja. EWURA, kwa sheria yake ya mwaka 2001, inapanga bei ya umeme na bei ya maji chini ya paa moja. Maombi ya kupandisha bei ya maji yanapofika mezani pake, ukurasa wa gharama za umeme unaweza kuulizwa maswali magumu: mnasukuma saa ngapi, tenki lenu lina ukubwa gani, bomba linavuja kiasi gani? Mitambo ya chini ya megawati moja imesamehewa leseni ya kufua umeme, kwa hiyo mlango wa mtambo mdogo haujafungwa kwa karatasi.

Wapo wanaoona kheri umeme wote wa bondeni uuzwe TANESCO, na fedha itakayopatikana inunue umeme wa pampu. Kwa Tulila yenye megawati 5 hoja hiyo ina uzito. Kwa kilowati 55 siioni. Bei ya kuuzia ni ndogo kuliko ya kununulia, mikataba ina gharama, na waya wa gridi ukikatika usiku wa radi, hospitali inabaki na stakabadhi mkononi na giza wodini. Ziada itumike pale pale ilipozaliwa.

Na kuna jambo la hospitali ambalo namba haziwezi kulibeba lote. Chumba cha kujifungulia kinahitaji taa na maji kwa dakika ile ile. Kichemshio cha vifaa bila maji ni chuma tu. Maji bila kichemshio hayaui vijidudu. Muuguzi anayepokea mtoto saa tisa usiku hana daftari la umeme na daftari la maji. Ana mikono miwili inayotakiwa kuoshwa, na mama anayetakiwa kuonekana.

Kazi ya wiki moja

Kabla ya mfadhili, kabla ya andiko la mradi, kuna kazi inayoweza kuanza Jumatatu. Mtu mmoja aandike kila saa, kwa siku saba, umeme unaotumika na kimo cha maji kwenye tenki. Mistari 168. Mtu mwingine afunge kila bomba usiku wa manane na kusikiliza tenki: maji yakishuka bila mtu kuyachota, panavuja. Fundi apime mkondo wa bondeni kwa pipa na saa, na arudie msimu ukibadilika. Kisha watu wa umeme, wa maji na wa hospitali wakae meza moja na karatasi hizo.

Nadhani watagundua kwamba saa zao za shida hazigongani. Kilele cha umeme ni jioni na asubuhi. Kilele cha maji ni alfajiri. Katikati, kutoka saa tano za usiku hadi saa kumi na moja, umeme upo na hauna kazi, tenki liko nusu, na chini ya genge maji yanapiga mawe.

Saa kumi na moja na nusu njia ya chemchemini inaanza kujaa. Madumu yanashuka matupu.